Mchanga Unaficha Maji

Mwezi wa tisa, Mkuranga. Masika ilikuwa imekwisha zamani, vuli haijaanza, na mchanga wa shambani ulikuwa wa moto hata mzee mwenyeji wangu akanikataza kuvua viatu. Tulikuwa tunachimba mashimo ya kupandia minazi. Jembe la kwanza lilitoa vumbi la kijivu. La kumi, vumbi vilevile. Nikaanza kujiuliza kimoyomoyo ni mche gani utakaoshika hapa, ila adabu ikanifunga mdomo.

Tulipopita dhiraa moja hivi rangi ikabadilika. Mchanga ukawa mweusimweusi, ukashikana kidogo kiganjani, na ulikuwa wa baridi kama ubavu wa mtungi. Miezi mingi bila mvua ya maana, na maji yapo.

"Umeona, mjukuu wangu?" mzee akasema, amejiegemeza kwenye mpini. "Huyu mchanga si mkavu. Anaficha. Mwenye mizizi mifupi hapati kitu."

Tangu siku ile nimesoma vitabu kadhaa kuhusu udongo wa tambarare za pwani, na sijakuta kilichosema zaidi ya hayo. Vingi vimeeleza tu kwa nini mzee alikuwa sahihi.

Tuanze na chembe yenyewe. Wataalamu huita mchanga chembe zote zenye upana wa kati ya milimita 0.05 na milimita 2. Zilizo ndogo kuliko milimita 0.002 ni za mfinyanzi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ukokotoe eneo la ngozi ya chembe hizo. Chukua gramu moja ya mchanga wenye chembe za milimita 0.2, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Ukiweza kuichuna kila chembe na kuitandaza ngozi yake, utapata eneo la kama kiganja cha mkono. Gramu moja ya mfinyanzi wa kawaida wa nchi za joto, ule uitwao kaoliniti, ukiuchuna hivyo utatandika sakafu ya chumba kidogo: mita za mraba kumi na kitu. Maji na virutubisho hung'ang'ania ngozi hiyo. Mchanga una kiganja, mfinyanzi una chumba. Karibu kila tabia ya shamba la pwani, njema na mbaya, inatoka hapo.

Kwa upande wa maji, hesabu hiyo haina maana kwamba mchanga ni maskini. Mvua ya milimita 50 ni lita 50 kwa kila mita ya mraba. Ikinyesha kwenye mfinyanzi mkavu, maji huenea katika sentimita 15 hivi za juu, kwa sababu kila tabaka hunywa mpaka litosheke ndipo limwachie jirani wa chini. Ikinyesha kwenye mchanga, kila tabaka hunywa kidogo na kupitisha, na maji yale yale hufika nusu mita. Halafu jua linakuja. Jua hukausha sentimita kumi na tano, ishirini za juu, likikuta mfinyanzi au likikuta mchanga. Kwenye mfinyanzi hapo ndipo ilipokuwa akiba karibu yote. Kwenye mchanga akiba imeshateremka, na zile sentimita za juu zikishakauka zinageuka blanketi: chembe kubwa zilizoachana haziwezi kuvuta maji ya chini kuja juu, kwa hiyo njia ya kutorokea imekatika. Ndiyo maana katika nchi zenye mvua haba utaona miti ikistawi mchangani na kudumaa kwenye udongo mzito wa jirani.

Upande wa pili wa hesabu hiyo huja Aprili. Dar es Salaam na vitongoji vyake hupata zaidi ya milimita 200 katika mwezi huo mmoja, na mita nzima ya mchanga huweza kumhifadhia mmea milimita 50 mpaka 80 tu. Yanayozidi yanateremka chini ya mizizi, na hayaendi mikono mitupu.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Msimu mmoja nilipanda mahindi kwenye kipande cha kichanga, na kipeperushi nilichopewa nilipokwenda kuuliza ushauri kilinielekeza niweke mbolea ya kukuzia mara moja, mahindi yakifika magotini. Nikatii. Usiku wa tatu ikanyesha mvua ya kuezua bati. Baada ya wiki mbili mahindi yalikuwa ya njano kana kwamba sikuwahi kununua kitu. Yurea hugeuka naitreti, naitreti huyeyuka majini, na mchanga hauna pa kuishikia, basi pesa yangu ilikuwa inaelekea Bahari ya Hindi kwa njia ya chini kwa chini. Kipeperushi kile kilikuwa kizuri. Kiliandikwa kwa ajili ya udongo mwekundu wa milimani, nacho kikachapwa na kugawiwa nchi nzima. Kwenye mchanga, mfuko mmoja wa mbolea ugawe mara tatu, nne, kidogokidogo, na usiweke mbingu zikiwa zimeinama. Au panda kitu kingine, ushauri ambao mzee angenipa bure.

Mchanga wa pwani si wa aina moja, na wanaouita wote "kichanga" hawajautembea. Ukitoka ufukweni Kilifi ukaenda bara kwa miguu, kwanza unakanyaga mwamba wa matumbawe. Ulijengwa chini ya maji: miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na ilipokupwa iliacha miamba yake nchi kavu. Juu ya mwamba huo udongo ni wa kuokoteza, umejaa chokaa, mwembamba hata jembe linatoa cheche. Ukizidi kupanda unakuta mchanga wa kijivu, kisha mweupe, halafu, nchi inapoinuka, ule mwekundu ambao wanajiolojia wameupa jina la Magarini. Ni mchanga mkongwe, wa mamilioni ya miaka, ulioletwa na mito na kupangwa upya na upepo. Kwale umewahi kuchimbwa kwa ajili ya madini ya titani yaliyomo ndani yake. Wekundu wake ni kutu: kila chembe imevaa koti jembamba la chuma, na chini ya koti hilo kuna mfinyanzi kidogo. Mchanga mweupe umevuliwa koti na mvua za karne nyingi.

Anayetaka kuona tofauti hizo bila kuchimba hata shimo moja aende Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi kati ya Kilifi na Malindi. Mashariki, kwenye mchanga wa kijivu, kuna msitu mchanganyiko wenye miti ya kila namna. Katikati, kwenye mchanga mweupe ambao hakuna mkulima angeugombania, mrihi umejitwalia nchi, miti imeachana na mwanga unafika chini. Magharibi, kwenye mchanga mwekundu, kichaka cha miti ya sinometra kimesongamana hata mtu hapenyi, na humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke. Mvua nayo hupungua kutoka mashariki kwenda kaskazini-magharibi, lakini haitoshi kueleza tofauti hizo. Miti inafuata rangi ya udongo.

Wazanzibari nao wamelipa kila tabaka jina lake. Kichanga ni kichanga. Kinongo ni ule udongo wa hudhurungi au mwekundu, wenye kina, wa upande wa magharibi wa Unguja, ambao mkarafuu unaupenda kwa kuwa maji hayatuami na mizizi haigongi jiwe. Uwanda ni nchi bapa yenye udongo mfupi juu ya mwamba. Maweni ni mwamba wenyewe na udongo uliojificha kwenye mashimo yake, na huko Makunduchi na Jambiani watu hupanda ndani ya mashimo hayo, mpapai hapa, mgomba pale, pilipili kwenye ufa, kama mtu anayepanda kwenye vyungu alivyochongewa na bahari. Kinamo ni wa mabondeni, mzito, mweusi, unaonata miguuni, na huo ni wa mpunga.

Mtaalamu aliyekuja kuupa mpangilio huu jina la kisayansi alifanya kazi si mbali na pwani. Geoffrey Milne alikuwa mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye Milima ya Usambara inayoitazama Tanga kwa juu. Mwaka 1935 alipendekeza kwamba udongo usichorwe ramani kama viraka vilivyotawanyika, bali kama mnyororo unaoshuka kutoka mgongoni mwa kilima hadi bondeni na kurudia tena kilima cha pili. Aliuita kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo, katena, na leo neno hilo linafundishwa vyuo vikuu vya dunia nzima. Kwenye tambarare ya pwani mnyororo ni mfupi: mgongoni mchanga mwekundu wa mikorosho, ubavuni mchanga uliofifia wa mihogo, bondeni kinamo cha mpunga. Shamba la ekari tano laweza kuwa na pete zote tatu, na mkulima wa zamani hakuomba kipande cha mraba. Aliomba ukanda unaoteremka.

Turudi kwenye virutubisho, maana hapo ndipo pwani inapoumiza. Potasiamu, kalisiamu na magnesiamu huelea kwenye maji ya udongo zikiwa na chaji chanya, na kinachozizuia zisisombwe ni chaji hasi iliyo kwenye ngozi ya mfinyanzi na mboji. Mchanga wa kwarzi hauna chaji ya kutajika. Kaoliniti inayo kidogo. Kinachobaki ni mboji, na uzito kwa uzito mboji hushika virutubisho mara nyingi kuliko kaoliniti. Shamba la kichanga lina mboji kiasi kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia mbili ya uzito wa udongo wa juu, na hicho kidogo ndicho kinachofanya karibu kazi yote. Kwa hiyo anayechoma majani yake kila mwaka ili shamba "liwe safi" anachoma ghala. Mwaka wa kwanza majivu yatampa mavuno mazuri, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu virutubisho vya miaka kumi vimeachiwa vyote kwa mara moja juu ya udongo usioweza kuvishika.

Fosforasi peke yake ina tabia tofauti. Yenyewe haisombwi kirahisi, na ushahidi wake upo kwenye mahame. Palipokuwa na mji au kijiji miaka mia tano iliyopita, pakabaki mibuyu na kuta mbili tatu, udongo bado ni mweusi, una majivu, mifupa ya samaki na makombe. Wanaakiolojia hupima fosforasi ya udongo ili kujua watu waliishi wapi. Wakulima hawana kipimo, lakini muulize mtu wa pwani mboga zinastawi wapi bila mbolea, atakuonyesha mahame, na huenda akaongeza kwamba usiende huko jua likizama.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo baadhi ya marafiki zangu mabwana shamba hawaipendi. Mchanga wa pwani ni nchi ya miti. Nafaka ya miezi mitatu inaomba kila kitu kwa wakati mmoja, kwa mizizi isiyofika kwenye akiba. Mti unangoja. Unayadaka maji yaliyoteremka, unavuta potasiamu iliyokimbia, unaipandisha hadi majani, na jani likianguka linairudisha juu. Utajiri wa shamba la kichanga haukai udongoni, unakaa kwenye mbao na majani, na udongo ni mahali pa kupitia tu. Walioijaza pwani minazi, miembe na mikorosho hawakuwa wavivu wa kulima, kama ripoti fulani za kikoloni zilivyopenda kudokeza.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na ulikaa kama uliozaliwa hapa. Una mzizi mkuu unaochimba sana na mizizi ya pembeni inayotambaa mbali kupita kivuli chake, ndiyo sababu hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12: chini ya ardhi mizizi tayari inagusana. Mtwara na Lindi mkorosho umekuwa benki, mahari na ada ya shule. Umekuwa pia sababu ya tatizo la udongo ambalo halizungumzwi vya kutosha.

Ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho, ulipozidi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, dawa iliyosaidia ilikuwa salfa. Asubuhi za msimu mashamba hujaa ukungu wa njano unaowasha macho. Salfa inaokoa mavuno, hilo sibishani nalo. Lakini isiyoshika kwenye maua huanguka chini, na bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi ya salfa. Fanya hesabu. Mkorosho mkubwa unaopulizwa raundi nne, robo kilo kila raundi, umepokea kilo moja. Hekta yenye nafasi ya mita 12 ina miti 69, yaani kilo 69 kwa msimu. Kila kilo ya salfa ikigeuka yote huhitaji kilo tatu na ushee za chokaa ya kilimo kuizima. Hata tukitoa ile inayochukuliwa na upepo kwenda kwa jirani, mkulima anaingia deni la chokaa la kilo mia na zaidi kwa hekta, kila mwaka, kwenye udongo ambao hauna kinga: mfinyanzi ungepokea asidi hiyo na kuinyamazisha kwa miaka mingi, mchanga unaionyesha mapema. Asidi inasukuma kalisiamu na magnesiamu kutoka kwenye nafasi chache zilizopo, mvua inazisomba. Mkorosho wenyewe huvumilia. Anayelia ni karanga iliyopandwa chini yake, inayohitaji kalisiamu ili kujaza ganda. Mkulima akifungua ganda tupu analaumu mbegu. Siku hizi baadhi wamehamia dawa za maji, na kwao hilo limepunguza mzigo. Chokaa bado hainunuliwi, maana hakuna mtu aliyewahi kuona mkorosho ukichanua kwa sababu ya chokaa mwaka huohuo.

Mnazi ni mti wa tabia nyingine kabisa. Hauna mzizi mkuu. Una maelfu ya mizizi kama kamba inayotoka shinani, na unachopenda ni maji matamu yanayotembea karibu, ndiyo maana hujisogeza ufukweni. Ni mmoja wa mimea michache ya shambani inayohitaji klorini kwa wingi, ile klorini iliyomo kwenye chumvi ya kawaida. Huko Ufilipino wakulima wa mbali na bahari huitia minazi yao chumvi kama mbolea. Kwa mnazi wa ufukweni upepo wa kusi hufanya kazi hiyo bila malipo. Unachokikosa ni potasiamu, na kila nazi inayopelekwa sokoni na kumbi lake inaondoka nayo. Ukifua nazi shambani na kuyaacha makumbi hapo, umerudisha sehemu kubwa. Nimeona malori yakipakia makumbi kwa ajili ya tanuri za chokaa na nikatamani kuyasimamisha.

Muhogo sitausemea sana, unajisemea. Unavumilia asidi, unashirikiana na kuvu wa mizizini kupata fosforasi, na unapovunwa mfululizo bila kurudisha kitu humaliza potasiamu kimyakimya mpaka mwaka mmoja mizizi inatoka kama vidole. Kunde, mbaazi na njugumawe huleta naitrojeni yao wenyewe kutoka hewani, ufuta wa Lindi huridhika na kidogo, na mananasi ya Kiwangwa yanapenda hiyo hiyo asidi inayowaudhi wengine.

Mboga ni habari nyingine, kwa sababu mboga inataka kisima. Chini ya tambarare ya pwani maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Kwa kila mita moja maji matamu yanayosimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Uzuri wa kanuni hiyo unageuka ukiwasha pampu: ukishusha maji ya juu kwa mita moja, yale ya chumvi yanaweza kupanda kwa 40, taratibu, bila kupiga hodi. Wakulima wa mchicha na nyanya hugundua kwa ncha za majani zilizoungua. Hapa mchanga una huruma yake, kwa kuwa masika moja nzuri huosha chumvi yote shambani, jambo ambalo kinamo kingekataa. Hauna huruma kuhusu minyoo fundo, wanaotembea kwa raha katika nafasi za chembe zake, na anayerudia nyanya kitalu kilekile miaka mitatu atang'oa mizizi yenye vinundu kama tasbihi.

Shimo letu la Mkuranga tulilimaliza alasiri. Mzee alipanga makumbi chini, ndani yakitazama juu, safu mbili. "Haya ni vikombe," alisema. Juu yake akatia samadi ya mbuzi iliyochanganywa na ule mchanga wa juu wa kijivu, siyo wa chini. Nikamuuliza kwa nini, wakati wa chini ndio wenye unyevu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chai hunywewa mdomoni.

"Wa juu umekula majani," akasema, akaenda kutafuta makuti ya kufunika.